Speke Aliuliza kwa Lugha Gani?

Uliza msee yeyote hapa Umoja nani aligundua Ziwa Victoria, atakujibu "Speke" kabla umalize swali. Tulikariri hivyo darasani, ukapata alama yako, ukasonga. Wajaluo walikuwa na Nam Lolwe yao kitambo, lakini hiyo haikuwa kwa mtihani. Sasa mimi nina swali lingine: Speke alikuwa anaongea na wenyeji kwa lugha gani?

Kiswahili hakujua. Alikuwa afisa wa jeshi kule India, kwa hivyo alikuwa na Kihindustani, tena cha kuungaunga. Aliyemwokoa ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu buda alizaliwa Uyaoni, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar. Yaani lugha aliyofunzwa na utumwa ndiyo sayansi ya enzi ya Malkia Victoria ilikuja kuegemea.

Mwaka 1858 Burton, mkubwa wa msafara, alibaki Kaze, hapo Tabora. Speke akashika njia ya kaskazini na Bombay, na tarehe 3 Agosti wakaliona ziwa. Piga picha: Speke anauliza kwa Kihindustani, Bombay anageuza kwa Kiswahili, mwingine anageuza kwa lugha ya pale, halafu jibu linarudi njia ileile. Kutoka hapo Speke akasema chanzo cha Nile ni hiki.

Burton alimpinga vikali, na moja ya hoja zake ilikuwa hiyo hiyo: habari imepitia midomo mingi. Manze, ona hapo. Kukiwa na shaka, Bombay anatajwa. Ilipothibitika kwamba Nile kweli inatoka ziwa hilo, sifa ni za Speke.

Na si eti alifichwa. Speke alimwandika vizuri kwa kitabu chake, lakini kama mtumishi mwaminifu. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa Speke medali ya dhahabu 1861. Bombay alikuja kupewa ya fedha. Huyu ni mtu aliyerudi na Speke safari ya pili hadi Misri, akawa na Stanley Ujiji 1871 walipompata Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Alifariki 1885.

Mtasema hayo ni ya zamani. Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi ya kuwazungusha watafiti Kayole na Dandora. Maswali yalikuja kwa Kiingereza. Shosho mmoja aliulizwa kaya yake ina watu wangapi, akanyamaza tu. Nikamuuliza, "Shosho, wangapi mnakula sufuria moja?" Akacheka, akasema tisa. Hiyo tisa iko ndani ya ripoti. Jina langu nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa, hadi pale kwa shukrani. Wameandika "wasaidizi wa mtaani".