Padre Andrea Kim na Desturi za Wakorea

Katika nchi ya Korea vitabu vya dini vilitangulia, padre akafuata nyuma. Wenye elimu wa huko walisoma vitabu vya Kikristo vilivyoandikwa kwa Kichina, wakajadiliana wao kwa wao, na mwaka 1784 mmoja wao, Yi Seung-hun, akabatizwa mjini Peking; aliporudi kwao akawabatiza wenzake. Padre wa kwanza wa kukaa nao, naye ni Mchina, aliingia miaka kumi baadaye.

Ugomvi na serikali ulitokana hasa na vibao vya mababu. Katika nyumba za watu wa heshima viliwekwa vibao vya mti vyenye majina ya wazee waliokufa, navyo vilisujudiwa na kuandaliwa chakula. Askofu wa Peking alikataza jambo hilo. Mwaka 1791 Yun Ji-chung, ambaye alifiwa na mama yake, aliviteketeza vibao vya nyumbani kwake, akakatwa kichwa. Tangu hapo Mkristo alihesabiwa kuwa mtu asiye na baba wala mfalme. Aliyepata kufundisha mahali penye matambiko atafahamu upesi uzito wa tuhuma hiyo. Wala Roma yenyewe haikusema neno moja siku zote: mwaka 1939 iliwaruhusu Wakristo wa China heshima nyingi za namna hii, kwa kuwa ziliyahusu mambo ya kiraia.

Andrea Kim Taegon alizaliwa mwaka 1821 katika ukoo uliokwisha kulipa gharama hiyo. Baba wa babu yake alifia kifungoni mwaka 1814. Mwaka 1836 Padre Maubant, Mfaransa, alimchagua pamoja na vijana wawili wapelekwe Macao kusoma Kilatini. Alipokuwa huko, mwaka 1839, baba yake alikatwa kichwa, na Maubant na wenzake wawili vile vile. Kim alipewa upadre karibu na Shanghai tarehe 17 Agosti 1845, akavuka bahari katika chombo kidogo pamoja na Askofu Ferréol na Padre Daveluy.

Hapa desturi ile ile ya kuwaheshimu wafu iliwafaa mapadre. Mkorea aliyefiwa na mzazi alivaa nguo za matanga na kofia pana ya kufunika uso, akashika kitambaa mbele ya kinywa, na ilikuwa utovu wa adabu kumsemesha. Mapadre wa Ulaya walivaa mavazi hayo, wakapita njiani wasitambulikane. Sijui vazi jingine duniani ambalo lingewafaa zaidi.

Desturi nyingine ndiyo iliyomnasa Kim. Mwaka 1846 alitumwa pwani kutafuta njia ya baharini ya kuwaingiza mapadre, kwa maana mpaka wa nchi kavu ulilindwa mno. Alisafiri kama mtu wa ukoo bora, na chombo cha mtu wa namna hiyo hakikuchukuliwa kwa kazi ya serikali. Maofisa walipokitaka chombo chake ili kuwafukuza wavuvi wa Kichina, alikataa, kama ilivyompasa mtu wa cheo chake. Wakakasirika, wakawashika mabaharia wake na kuwahoji, na siri ikafichuka. Alikamatwa mwezi wa Juni.

Gerezani Seoul wakubwa walistaajabia elimu yake, wakampa ramani ya dunia ya Kiingereza aifasiri; akachora nakala mbili kwa rangi, akaandika na kitabu kidogo cha jiografia. Wengine walitamani asiuawe. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Ufaransa zilikuja kudai hesabu ya damu ya mwaka 1839, na hasira ya serikali ikazidi. Tarehe 16 Septemba 1846 alikatwa kichwa kando ya mto Han, umri wake miaka 25.

Kabla ya kufa aliwaandikia Wakristo barua kwa Kikorea, na kwa Askofu Ferréol alimwombea mama yake, aliyekaa miaka kumi bila kumwona mwanawe, akampata kwa siku chache tu. Kijana mmoja Mkristo aliuchukua mwili kwa siri mpaka Mirinae. Mama alikufa mwaka 1864, akazikwa huko huko karibu na mwanawe.