USARF (chama cha wanafunzi, Dar es Salaam)

USARF kilikuwa chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoundwa mwaka 1967 katika kampasi ya Mlimani, wakati chuo cha Dar es Salaam kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, baadaye Rais wa Uganda. Wanachama walitoka nchi mbalimbali za Afrika.

Shughuli zake zilikuwa mihadhara ya hadhara, mikutano ya kuunga mkono harakati za ukombozi na, zaidi ya yote, madarasa ya itikadi ya Jumapili. Humo wanafunzi walisoma wenyewe yale ambayo mitaala iliyaruka: ukoloni mamboleo, matabaka, sababu za umaskini wa Afrika. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa mshiriki wa karibu. Dar es Salaam ilikuwa pia makao ya FRELIMO, harakati ya ukombozi ya Msumbiji, hivyo Museveni na wenzake waliweza kwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa nchini humo. Ni nadra mjadala wa chuoni kukaribia vita kiasi hicho.

Mwaka 1969 chama kilianzisha jarida la Cheche. Toleo lake maalumu la 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, jambo lililokuwa la ujasiri mkubwa chini ya serikali iliyojiita ya kijamaa. Novemba 1970 chama na jarida vilipigwa marufuku. Nafasi ya Cheche ilichukuliwa na Maji Maji, jarida la Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, chuoni hapo.