Kusoma Kama Wajibu wa Kila Mwalimu: Mafunzo ya Walimu wa Sekondari Katika Maniema ya Kusini

Fikra ya kuwaandaa walimu wa sekondari ili kila mmoja afundishe kusoma na kuandika ndani ya somo lake huhusishwa mara nyingi na Uingereza, na hasa na ripoti ya Kamati ya Bullock ya mwaka 1975, iliyopendekeza kila shule ya sekondari iwe na sera ya lugha inayovuka mipaka ya masomo. Historia ya Maniema ya kusini, yaani Kasongo, Wamaza na Kabambare, inaonyesha kwamba jambo hilo lilikuwako huko bila kuwa na jina, kisha likavunjika kwa sababu zinazojulikana.

Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip na wenzake, hadi majeshi ya Dhanis yalipouteka mji mwezi Aprili 1893, barua na hesabu za biashara ziliandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Utawala uliofuata haukujenga juu ya msingi huo. Mapatano ya 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani yaliziweka shule mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na mzazi Mwislamu wa Kasongo akabakiwa na njia mbili: kumpeleka mtoto misheni, au kumwacha chuoni, ambako alijifunza kusoma lakini hakupata cheti. Pengo hilo la elimu kati ya Waislamu na wenzao limedumu muda mrefu katika Maniema.

Lugha ya shule za misheni ilikuwa Kiswahili. Juu ya Kiswahili gani, palikuwa na ubishi. Wengine walishikilia kile walichokiita Kiswahili bora, chenye kuelekea Unguja, ilhali John Whitehead wa misheni ya Wayika, kando ya Lualaba, alitoa mwaka 1928 kitabu cha sarufi ya Kingwana. Ubishi huo umewashughulisha wanaisimu kupita kiasi. Lenye uzito zaidi hapa ni namna mwalimu wa madarasa ya chini alivyofanya kazi. Mtu mmoja alifundisha hesabu, dini, usafi na kilimo, kwa lugha ileile ambayo kwayo alifundisha herufi. Swali la hesabu lilikuwa pia zoezi la kusoma. Hali hiyo isitukuzwe: vitabu vilikuwa vichache, na msamiati wake ulikuwa wa katekisimu. Hata hivyo mwalimu huyo asingeweza kudai kwamba kusoma ni kazi ya mwenzake, kwa maana mwenzake hakuwapo.

Baada ya uhuru mambo mawili yalifuatana upesi. Mageuzi ya sekondari ya 1961 yaliweka mzunguko wa maelekezo wa miaka miwili, na masomo yakagawanywa kwa walimu mbalimbali. Mwaka 1962 Kifaransa kikafanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza la msingi. Walimu walikuwa haba. UNESCO ilileta walimu wa kigeni, wakiwamo Wahaiti, na Taasisi ya Taifa ya Ualimu ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1961. Lakini uasi wa Simba, ulioifikia Kindu mwezi Julai 1964, ulizivuruga shule za Maniema kabla mpango huo haujakomaa.

Hapo ndipo mzigo ulipohama bila mtu kuutangaza. Taasisi za juu za ualimu ziliwapanga wanafunzi wao kwa idara. Aliyesomea fizikia alijifunza fizikia na mbinu za kuifundisha. Jinsi ya kumwongoza kijana aelewe ukurasa wa fizikia ulioandikwa kwa Kifaransa ilidhaniwa ni kazi ya mwalimu wa Kifaransa.

Dhana hiyo ina kasoro ambayo mfano mmoja mdogo unatosha kuifichua. Mwanafunzi wa Kabambare hujifunza katika somo la Kifaransa kwamba neno «soit», likirudiwa, maana yake ni «ama». Saa inayofuata anakuta ubaoni «Soit un triangle ABC». Hapa neno lilelile linamaanisha «tuchukulie kwamba ipo». Mwalimu wa Kifaransa hafundishi pembetatu. Mwalimu wa hisabati haoni kwamba pana neno la kufundishwa. Kijana hushindwa, na kushindwa kwake huandikwa katika safu ya hisabati. Katika somo la historia ugumu ni wa aina nyingine: viungo kama «cependant» na «tandis que» ndivyo vinavyobeba hoja yenyewe, na asiyevielewa hukariri tarehe tu.

Uhaba wa vitabu umezidisha tatizo. Mwalimu huandika muhtasari ubaoni, wanafunzi hunakili, na kwa wengi daftari hilo ndilo kitabu pekee. Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, nao unasahihishwa kwa sehemu kubwa kwa majibu ya kuchagua. Insha ya Kifaransa imebaki takriban mahali pekee pa kuandika kwa mfululizo. Mwalimu wa biolojia anayewataka wanafunzi waandike aya tano anafanya kazi ambayo mtihani haumlipi, wala mshahara.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inazitaja lugha za taifa au za mazingira kuwa chombo cha kufundishia, tena imeiingiza miaka miwili ya kwanza ya sekondari katika elimu ya msingi ya miaka minane. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ni bure, na wengi zaidi wanaelekea darasa la saba. Katika sekondari Kifaransa kimebaki.

Chombo cha kuwafunza walimu waliomo kazini kipo tayari. Ni vikao vya walimu vinavyoitwa «unité pédagogique», ambamo mmoja hutoa somo la mfano na wenzake hulikosoa. Ila vikao hivyo hupangwa kwa masomo: wa hisabati na wa hisabati, wa historia na wa historia. Mwalimu wa Kifaransa haalikwi kulitazama somo la pembetatu, na hivyo «soit» hupita mbele ya walimu wote bila yeyote kuisimamisha. Kumwalika hakuhitaji fedha wala amri kutoka Kinshasa. Kunahitaji mkuu wa shule abadilishe ratiba ya alasiri moja.