Ukoga

Neno ukoga, ambalo wengi wetu tulilisikia kwanza tulipoamrishwa kupiga mswaki, ni jina la ule utando ugandao menoni, nao aghalabu huhesabiwa katika jamii ya uchafu. Lakini naliona kuwa ndilo jina stahiki la kitu kimoja cha ajabu kipatikanacho katika misitu ya Panama. Huko wako chungu wakatao majani, wasiyale (kama wengi wadhanivyo), bali wayatafune na kuyafanya mbolea ya kuvu wailimayo chini ya ardhi, ambayo ndiyo chakula chao. Na wale wa jenasi ya Acromyrmex huonekana kifuani wamepakwa kitu cheupe kama unga, ambacho wataalamu walikidhania nta, hata mwaka 1999 Cameron Currie na wenziwe wakabainisha ya kuwa ni bakteria hai, watoao dawa ya kuizuia Escovopsis, kuvu nyingine iliyo adui wa shamba. Chungu mchanga huambukizwa utando huo na wakubwa wake. Malkia huruka nao aendapo kuanzisha kichuguu kipya, ilhali dume hana.

Ukoga wa menoni nao ni bakteria vilevile, kwa hiyo sidhani kwamba nimelilazimisha neno. Atakayetunga kamusi na aongeze maana hii kando ya ile ya uchafu, kwani chungu hao wakiondolewa ukoga wao, kuvu adui hushamiri zaidi bustanini mwao.