Maumivu Sugu ya Kisigino: Chanzo Chake na Namna ya Kuyatuliza

Mtu huamka alfajiri, akakanyaga sakafu, na hatua ya kwanza ikamchoma kisigino mithili ya msumari. Akitembea kidogo, maumivu hupungua. Akikaa kitako kwa muda na kuinuka, hurejea. Hiyo ndiyo dalili kuu ya fasaitisi ya unyayo, maradhi yanayoongoza kwa kusababisha maumivu ya kisigino, hasa kwa watu wenye umri wa miaka 40 hadi 60.

Chini ya unyayo upo utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuenea hadi vidoleni. Utando huo hushikilia uvungu wa unyayo na kupokea uzito wa mwili. Unapovutwa kupita kiasi siku baada ya siku, hudhoofika pale unaposhikana na mfupa. Walio hatarini zaidi ni wanaosimama kutwa nzima, kama vile wauzaji wa sokoni, walimu na walinzi. Wenye uzito mkubwa. Wakimbiaji walioongeza mazoezi ghafla. Na wenye misuli iliyokaza ya shavu la mguu.

Picha ya eksirei huweza kuonyesha kijimwiba cha mfupa kisiginoni, na wagonjwa wengi hudhani kwamba ni lazima kikatwe. Sivyo. Watu wengi wanacho na hawaumwi kabisa.

Tiba ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kabla ya kushuka kitandani, mgonjwa aweke mguu unaouma juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea mbele ya mguu, ahesabu hadi 10, kisha aachie. Arudie mara 10, na afanye hivyo mara 3 kwa siku. Jioni, anaweza kubingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kwa kitambaa, kwa dakika 15. Aepuke kutembea pekupeku juu ya saruji na kuvaa ndala zilizolika. Viatu vyenye kisigino laini na egemeo la uvungu humfaa zaidi.

Mazoezi ya nguvu nayo husaidia. Watafiti wa Denmark walieleza mwaka 2015 kwamba wagonjwa walioinua visigino polepole, taulo ikiwa chini ya vidole, kila baada ya siku moja, walipata nafuu kubwa zaidi katika miezi 3 kuliko walionyoosha unyayo pekee. Baada ya mwaka, hata hivyo, makundi yote mawili yalilingana.

Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda mfupi, lakini huweza kusababisha utando kukatika; isiwe kimbilio la kwanza. Subira ni sehemu ya dawa: wagonjwa walio wengi hupona bila upasuaji, ingawa huenda ikachukua miezi mingi.

Hata hivyo, si kila kisigino kiumacho kina maradhi haya. Mgonjwa amwone daktari bila kuchelewa iwapo pana uvimbe mwekundu wenye homa, ganzi, maumivu yasiyotulia hata usiku, au maumivu makali yaliyoanza baada ya kuanguka. Mwenye kisukari asiweke barafu mguuni kabla ya kupata ushauri, kwani unyayo uliopoteza hisia hujeruhiwa pasipo mwenyewe kujua.