Kolwezi: habari za mgodi kutoka foni hadi WhatsApp

Septemba 1990, sehemu ya katikati ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, pembeni mwa Kolwezi, mji ulio kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliporomoka. Ulikuwa mgodi wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyolipa mishahara ya mji, ikaendesha shule na hospitali, ikamiliki na nyumba walizolala wafanyakazi. Redio na televisheni nazo zilikuwa za serikali. Asiyeziamini alitegemea radio trottoir, maneno yaliyopita kinywa kwa kinywa sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji.

Simu ya mkononi ilikwisha kuingia nchini. Télécel, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Miko Rwayitare, ilifungua huduma Kinshasa mwaka 1986, lakini kifaa chake kilikuwa cha wakubwa na matajiri. Mtu wa kawaida alikwenda kwenye foni, redio ya mawimbi iliyounganisha mji na mji. Ulisubiri zamu, ukapaza sauti, ukanyamaza ili wa upande wa pili ajibu, na wote waliokaa kwenye benchi wakasikia msiba wako au deni lako. Kwa foni hakukuwa na siri.

Mwaka 2002 ulileta mambo mawili kwa pamoja: sheria mpya ya madini iliyofungua mlango kwa wawekezaji, na Vodacom, iliyokuja kushindana na Celtel. Mwaka uliofuata, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na wengi wakaishia kuchimba kwa mikono. Minara ilipofika, vijana walifungua kabini za simu chini ya miavuli. Wasio na salio walibipu, na familia zikapanga maana yake: mlio mmoja, nimefika, miwili, nipigie. Kwenye saiba, vibanda vya intaneti vilivyotegemea dishi la setilaiti na jenereta, mtu alilipia muda, akaandika barua pepe haraka kabla dakika hazijaisha.

Mwaka 2013 Kongo ilianza kutumia kebo ya intaneti ya baharini ya WACS inayotua Muanda. Simu za bei nafuu zikaongezeka, watu wakaacha kununua dakika wakanunua mega, yaani data. WhatsApp ikawa uwanja wa ukoo, parokia na ushirika wa wachimbaji. Kilichoipa nguvu zaidi ni ujumbe wa sauti. Kiswahili cha Katanga, eneo la Kolwezi, kilichochanganyika na Kifaransa, ni lugha ya kusema kuliko ya kuandika; sasa hata mama asiyejua kusoma aliweza kuchangia kikao cha familia akiwa sokoni.

Serikali iliuona uzito huo mapema. Ilikata mtandao Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi. Ikaukata tena 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, kwa takriban siku 20.

Mwaka huohuo wa 2018 bei ya kobalti, madini yanayochimbwa Kolwezi, ilipita dola 90,000 kwa tani, kisha mwanzoni mwa 2019 ikashuka hadi karibu theluthi ya kiasi hicho. Siku hizi mchimbaji anaweza kuitazama bei ya soko la London kwenye simu kabla ya kupeleka magunia yake kwenye depo za Musompo, karibu na Kolwezi. Hapo ndipo nguvu ya simu inapokoma. Mnunuzi anaelekeza Metorex, kifaa cha kupima kiwango cha madini, kwenye mawe. Asilimia inayotokea ndiyo inayoamua malipo, na kifaa ni chake. Wachimbaji wamelalamika kwa miaka kwamba kinasoma chini.

Tarehe 15 Novemba 2025, daraja la kienyeji liliporomoka kwenye machimbo ya Kalando, katika jimbo la Lualaba lenye mji wa Kolwezi, watu wasiopungua 32 wakafa. Video za wachimbaji wakitoa miili shimoni zilienea upesi, na taarifa zikaeleza kwamba milio ya risasi za wanajeshi ndiyo iliyozusha taharuki. Njia hiyohiyo hupitisha uongo: video ya zamani huvishwa tarehe mpya, mgodi wa mbali ukaitwa wa Kolwezi. Hata hivyo, kampuni na serikali hazitangulii tena kusema nini kilitokea, na hayo ni mageuzi ya kweli.

Lakini Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ile inayoingia kwenye betri za simu hizihizi, na wanaoichimba bado hawapimi mali yao wenyewe. Jimbo la Lualaba na vyama vya ushirika viweke vipimo huru kwenye kila soko la madini, na matokeo yatangazwe siku hiyohiyo kwenye makundi ambayo wachimbaji tayari wanayasikiliza. Bei wanaijua na ushahidi wanao. Wapewe na kipimo.