Jogoo wa bluu kati ya majenerali

Wadau, leo tuzungumzie jogoo. Si yule wa KANU aliyetawala Kenya tangu uhuru hadi 2002, bali jogoo wa bluu mwenye urefu wa mita 4.72, aliyepandishwa juu ya jukwaa la mawe katikati ya London, Julai 2013.

Trafalgar Square ni uwanja wa wapiganaji. Jina lenyewe ni la vita vya baharini vya 1805, Waingereza walipowachapa Wafaransa na Wahispania. Nelson yuko juu ya nguzo yake. Chini wamesimama majenerali wawili walioijenga dola kwa damu ya watu wa Bara Hindi: Napier aliyeiteka Sindh mwaka 1843, na Havelock aliyepigana kuzima maasi ya 1857. Mfalme George IV amekaa juu ya farasi. Jukwaa la nne lilijengwa 1841 ili libebe sanamu ya William IV, lakini fedha zikakosekana! Likabaki tupu zaidi ya miaka 150, mpaka 1999 zilipoanza kuwekwa sanamu za muda.

Ndipo akaja Katharina Fritsch, Mjerumani, mzaliwa wa Essen, 1956. Huyu dada hakuanza na jogoo. Mwaka 1987 alionyesha mjini Krefeld tembo wa kijani kizito, mkubwa kama tembo halisi, tena ana mikunjo yote ya ngozi. Rangi ndiyo iliyomgeuza. Fritsch hupaka rangi moja tu isiyong'aa, mwanga haurudi, basi jicho linaacha kuhesabu manyoya na kubaki na umbo tupu. Ukimtazama jogoo yule unaona kilemba, kifua na mkia, kisha bluu. Wanaosema sanaa ya namna hii ni uvivu wajaribu kupunguza vitu kiasi hicho na bado mtu asimame kutazama.

Kundi moja la wahifadhi wa eneo hilo lilipinga, likidai jogoo hahusiani na uwanja. Mimi naona alihusika mno. Kwanza, jogoo ni nembo ya Ufaransa, hao hao waliopigwa Trafalgar. Pili, katika Kiingereza neno hilo lina maana nyingine ya kiume, na msanii aliujua vizuri utani huo. Wale mnaosoma matangazo ya waganga, kwamba jogoo hapandi mtungi, mmeshanielewa. Mwanamke amepewa nafasi katikati ya wanaume wa shaba, naye akawawekea jogoo anayetunisha kifua kuliko wao wote. Hakuandika hata neno moja la kuwashutumu.

Jogoo alikaa London hadi 2015. Mwaka uliofuata alipandishwa kwenye paa la National Gallery of Art, Washington, akitazama Pennsylvania Avenue, barabara ambayo marais wa Marekani huandamana wakishaapishwa.